Theluji Katika Mji wa Joto: Jinsi ya Kuipima Tabia ya Nchi Kabla ya Kuhamia

Utangulizi

Tarehe 21 Januari 2025 wakazi wa New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, waliona jambo ambalo wengi wao hawakupata kuliona maishani. Theluji ilianguka kwa saa kadhaa, na katika uwanja wa ndege wa mji huo kilipimwa kina cha sentimita 20. Katika kumbukumbu rasmi za mji, kiasi kikubwa kilichotangulia kilikuwa sentimita 7 hivi, tarehe 31 Desemba 1963. Barabara kuu zilifungwa, safari za ndege zikavunjwa, na watoto wakateleza katika mitaa iliyozoea jua na mvua.

Picha za siku hiyo zilienea duniani, nazo zilizua makosa ya aina mbili. Mtu aliyechoshwa na baridi ya Chicago, ambaye alikusudia kuhamia kusini, alijiuliza kama theluji itamfuata hata huko. Mtu wa nchi ya joto, ambaye hakuujua mji huo, alidhani kuwa ni mji wa baridi na akaogopa kwenda. Wote wawili waliihukumu nchi kwa siku moja. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini theluji ilifika mahali hapo, kwa nini kiasi kidogo cha theluji kinaweza kuleta madhara makubwa, na ni mambo gani yampasa mtu kuyachunguza kabla ya kuhamia mji asioujua.

Hali ya hewa na tabia ya nchi

Hali ya hewa ni vile hewa ilivyo mahali fulani kwa saa au siku fulani: joto lake, unyevu wake, upepo na mvua yake. Tabia ya nchi ni jumla ya hali hizo kwa muda wa miaka mingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia muda wa miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida, na kipindi kinachotumika sasa ni cha mwaka 1991 hadi 2020.

Kwa kipimo hicho New Orleans ni mji wa joto bila shaka. Wastani wa halijoto ya Januari, mwezi wa baridi kuliko yote, ni karibu nyuzi 12 za Sentigredi. Mnamo Julai mchana hufika nyuzi 33, tena pamoja na unyevu mwingi. Mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 1,600. Katika Chicago wastani wa Januari uko chini ya sifuri, na theluji ya mwaka mzima hukaribia kina cha mita moja.

Hata hivyo wastani hausemi yote. Mkulima wa viazi wa Makete, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, anajua kwamba wastani wa mwezi wa Juni au Julai haumwonyeshi usiku mmoja wa jalidi unaoweza kuchoma majani ya shamba lake. Kwa hiyo tabia ya nchi ina sehemu mbili: wastani wake, na vilele vyake vya juu na vya chini. Anayeisoma sehemu moja na kuiacha nyingine hajaisoma.

Kwa nini theluji ilifika New Orleans

New Orleans iko karibu na nyuzi 30 za latitudo ya kaskazini, sawa na Kairo. Iko karibu na Ghuba ya Mexico, na sehemu kadhaa za mji ziko chini ya usawa wa bahari. Theluji yake, basi, haifanani na ile ya Kilimanjaro. Katika kilele cha Kibo, mita 5,895, baridi huletwa na kimo. Halijoto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo pwani ikiwa na nyuzi 30, kimo hicho kitakuwa na kiasi cha nyuzi 8 chini ya sifuri. New Orleans haina kimo cha kuipa baridi. Baridi yake sharti ichukuliwe na upepo kutoka mbali.

Upepo huo hutoka Kanada na nchi za Aktiki. Milima mikubwa ya Marekani, yaani Rocky upande wa magharibi na Appalachia upande wa mashariki, imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na katikati yake pana tambarare pana. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo huteremka juu ya tambarare hizo bila kukuta ukuta wa kuizuia. Kairo haimo katika njia ya namna hiyo. Hewa baridi itokayo kaskazini mwa Ulaya hukutana na milima iliyolala kutoka mashariki hadi magharibi, kisha hupita juu ya Bahari ya Kati na kupata joto kabla ya kufika Misri. Basi miji miwili yenye latitudo moja yaweza kuwa na hatari tofauti.

Lakini baridi peke yake haitoi theluji. Hewa ya Aktiki ni kavu; hewa yenye unyevu hutoka Ghuba, nayo ni vuguvugu. Kwa kawaida New Orleans hupata moja kati ya hizo mbili: ama baridi na mbingu safi, ama mawingu na mvua. Mnamo Januari 2025 zilikutana. Hewa baridi ilitanda karibu na ardhi, na mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa katika Ghuba ukapandisha hewa yenye mvuke juu yake. Mvuke uliganda kuwa fuwele za barafu, na kwa kuwa tabaka zote za hewa hadi chini zilikuwa na baridi ya kutosha, fuwele hizo hazikuyeyuka njiani. Kama katikati pangalikuwa na tabaka nene la hewa vuguvugu, ingalinyesha mvua, au mvua inayoganda mara igusapo ardhi. Uhaba wa theluji katika mji huo unatokana na uhaba wa mkutano huu.

Hesabu ya theluji ile

Kwa makadirio ya kawaida, sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka hutoa sentimita 1 ya maji. Kwa hiyo sentimita 20 za New Orleans zilikuwa sawa na milimita 20 za mvua. Kiasi hicho ni sehemu moja tu katika 80 ya mvua ya mwaka, na kama kingalianguka kama mvua, pengine kisingaliandikwa hata katika gazeti.

Tofauti ni kwamba mvua hutiririka kwenda zake, na theluji hukaa. Juu ya kila mita moja ya mraba zilikaa kilo 20. Juu ya paa la mita 100 za mraba zingekaa tani 2. Tena barafu haiondoki bila kulipwa joto: kilo moja huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke tu, bila kupanda joto lake. Kilo 20 zitahitaji kilojuli 6,680, yaani nguvu ya kilowati moja kwa muda wa saa moja na dakika 51. Hiyo ni kwa mita moja ya mraba. Mwanafunzi anaweza kujihesabia barabara yenye upana wa mita 10 na urefu wa kilomita moja.

Kwa nini baridi ya nadra huumiza zaidi

Katika Chicago sentimita 20 za theluji ni kazi ya kawaida. Kuna magari ya kusafisha barabara, chumvi ya kuyeyushia barafu, na madereva waliozoea. Mabomba ya maji hufukiwa chini sana ardhini, na nyumba hujengwa ili kuhifadhi joto. Mji wa joto hauna vitu hivyo, wala si kwa uzembe: kununua magari ambayo yatatumika mara moja katika miaka mingi ni gharama ambayo walipa kodi huikataa. Nyumba zake hujengwa ili kutoa joto, na mabomba mara nyingi hupita darini au katika kuta za nje bila kihami. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kiasi cha asilimia 9, na bomba hupasuka.

Mfano mzito zaidi ni wa Texas, jimbo jirani. Mnamo Februari 2021 baridi ilishika jimbo lote, na huko Houston halijoto ilishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Mahitaji ya umeme wa kupasha nyumba joto yalipanda kupita kiasi wakati huohuo ambapo visima vya gesi, mabomba yake na vituo vya umeme viliganda. Kwa kuwa gridi kubwa ya Texas imetengwa kwa sehemu kubwa na gridi za majimbo mengine, umeme wa kuazima ulikuwa mdogo. Tarehe 15 Februari wasimamizi walilazimika kukata umeme ili gridi yote isianguke. Nyumba na majengo ya biashara zaidi ya milioni 4 yalikosa umeme, baadhi kwa siku kadhaa. Hesabu rasmi ya jimbo ilitaja watu 246 waliokufa, na zaidi ya nusu yao waliuawa na baridi.

Wengine waliuawa na moto waliouwasha ili wajiokoe. Waliingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani ya nyumba, au waliacha magari yakinguruma katika gereji zilizofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Jambo hili linajulikana sana katika sehemu za baridi za Afrika ya Mashariki, ambako jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa limekwisha kuua watu waliolala. Huko Houston nako wanaishi wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wametoka Kongo. Kwa familia kama hizo, somo hili la kemia ni la uhai na mauti.

Maana ya "mara moja katika miaka 50"

Mara nyingi husemwa kuwa jambo fulani hutokea mara moja katika miaka 50, na msikilizaji hudhani kwamba likitokea leo atakaa miaka 49 bila hofu. Maana yake siyo hiyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wake ni 1/50, na uwezekano wa kutotokea ni 49/50. Mtu akikaa mji huo miaka 30, uwezekano wa kutoliona kabisa ni 49/50 kipeo cha 30, yaani kiasi cha 0.55. Kwa hiyo uwezekano wa kuliona angalau mara moja ni 0.45. Jambo la nadra kwa mwaka mmoja si la nadra kwa maisha ya mtu.

New Orleans yenyewe inafundisha hivyo. Kiasi cha sentimita 20 kiliwahi kuanguka Februari 1895, kabla ya kuanza mfululizo wa kumbukumbu zinazohesabiwa leo kuwa rasmi. Kisha ikapita miaka 130. Lakini theluji ndogo zilionekana Desemba 2004, na tena Desemba 2008, miaka minne tu baadaye. Bahati haina kalenda. Hesabu hii pia hudhani kuwa tabia ya nchi haibadiliki. Dunia inazidi kupata joto, kwa hiyo vipimo vya zamani sharti visomwe kwa uangalifu. Lakini kupanda kwa wastani hakuzuii siku moja ya baridi kali isitokee.

Anayetaka kuhamia aulize nini?

Kwanza, aulize wastani wa miaka 30, si picha ya siku moja. Pili, aulize vilele: joto kali, baridi kali na mvua kubwa kupita zote zilizopata kupimwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, aulize mji umejengwa kwa ajili ya siku zipi, na siku isiyotazamiwa ikifika nani atakosa umeme na maji.

Akiuliza hivyo kuhusu New Orleans, ataona kwamba theluji siyo hatari kuu. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilisababisha kingo za maji kuvunjika, na kiasi cha asilimia 80 ya mji kikafunikwa na mafuriko. Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu wapatao 485,000. Mwaka 2020 walihesabiwa wapatao 384,000. Tarehe 29 Agosti 2021 kimbunga Ida kiliuacha mji mzima bila umeme katikati ya majira ya joto. Anayeogopa kwenda huko kwa sababu ya theluji anaogopa jambo dogo, na anayekwenda kwa sababu ya jua peke yake amesahau maji.

Mtu hahamii katika wastani. Huhamia katika nyumba, na nyumba hiyo itakutana na siku zote, za kawaida na za nadra. Kabla ya kufunga mizigo, na azijue zote mbili.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya hali ya hewa na tabia ya nchi kwa kutumia mfano wa mahali unapoishi.

2. Kwa nini Kairo na New Orleans hazina hatari sawa ya theluji ingawa latitudo zake ni karibu moja?

3. Tafuta kiasi cha joto kinachohitajika kuyeyusha theluji ya sentimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba.

4. Mafuriko fulani yana uwezekano wa 1/20 kila mwaka. Mwanafunzi atakaa shule ya bweni karibu na mto huo kwa miaka 4. Kuna uwezekano gani wa kuyaona angalau mara moja?

5. Jaribio: jaza maji chupa ya plastiki hadi juu kabisa, ifunge, na uiweke katika sehemu ya kugandishia ya jokofu usiku kucha. Eleza unachokiona, kisha ukihusishe na mabomba ya Texas. Chupa ya kioo isitumike, kwa kuwa itapasuka na kuumiza.