Nyasi za kienyeji za kupamba boma bila kumaliza maji

Mvua ya kwanza ya vuli inaponyesha Kibwezi, Makindu na sehemu nyingine kavu za Makueni, maji yanayotoka katika maboma mengi huwa mekundu. Ule ni udongo wa juu unaokwenda. Uwanja uliofagiliwa kila asubuhi hupendeza macho, lakini hauna kitu cha kushika udongo wala cha kupunguza mbio za maji. Baada ya miaka kadhaa mawe ya msingi wa nyumba huanza kuonekana, mizizi ya mwembe hubaki wazi, na maji ambayo yangelowesha ardhi huishia barabarani.

Wenye uwezo hujaribu kutatua jambo hili kwa kupanda nyasi za kapeti au nyasi ya Kikuyu. Tatizo ni kwamba nyasi ya Kikuyu imezoea nyanda za juu zenye mvua nyingi na ubaridi. Wakati wa jua kali, nyasi za namna hiyo huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku katika kila mita ya mraba ili zibaki kijani. Uwanja mdogo wa mita 50 za mraba unataka lita 250, yaani zaidi ya mitungi 12 ya lita 20, kila siku. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, hesabu hiyo haifiki mbali.

Zipo nyasi nyingine ambazo wazee wa Ukambani wanazijua kwa majina, na ambazo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, imezishughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kiboko. Kwa kawaida huzungumzwa kama malisho. Ni nadra mtu kufikiria kuzipanda mbele ya nyumba kwa sababu ya uzuri wake, na hapo watu wengi wanakosa kitu.

Mbeetwa ina masuke bapa yaliyopangika kama meno ya msumeno, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na zambarau, ambayo hugeuka rangi ya majani makavu msimu unapokwisha. Huvumilia mchanga. Ndata kivumbu hutoa masuke laini yanayofanana na mkia wa mbweha, na mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita 2, ndiyo maana huchipua upesi hata baada ya ukame mrefu. Kilili ndiyo inayopendeza kuliko zote: suke lake hutawanyika kama manyoya na kuyumba kwa upepo mdogo tu. Imepungua sana porini kwa sababu mifugo huipenda mno. Nguu huota yenyewe chini ya vichaka, kwa hiyo hufaa palipo na kivuli cha mti, mahali ambapo nyasi nyingine hudhoofika.

Hizi zote huota kwa mashina, hazitambai kama ukoka. Asiyejua hilo atasikitika akitarajia zulia la kijani. Zinafaa kupandwa kwa mistari inayokingama mteremko, kandokando ya njia, au kuzunguka miti ya matunda. Mistari miwili au mitatu ya ndata kivumbu upande wa chini wa uwanja hutosha kupunguza kasi ya maji na kuacha udongo nyuma yake. Sehemu ya kuanikia nafaka na ya watoto kuchezea inaweza kubaki wazi kama kawaida.

Njia ya haraka ya kuanza ni kugawa mashina. Mvua inapokuwa imeshalowesha udongo, shina lililokomaa hung’olewa na mizizi yake, majani hukatwa yabaki urefu wa kiganja, kisha hupasuliwa vipande vyenye vijiti vitano hadi vinane. Kila kipande hupandwa umbali wa nusu mita na mwenzake. Mvua ikikatika mapema, maji kidogo mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza huokoa miche mingi, na maji yaliyooshea mboga yanatosha kazi hiyo. Msimu wa Oktoba hadi Desemba ndio wa kuaminika zaidi katika sehemu hizi kuliko ule wa Machi hadi Mei.

Anayepanda mbegu afanye hivyo kabla ya mvua, katika mfereji mdogo wa kina kisichozidi sentimita 2. Mbegu ni nyepesi na hupeperuka, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu au samadi iliyopondwa. Kosa linaloua mbegu nyingi ni kuzifukia sana. Mbuzi na kuku wazuiwe msimu wote wa kwanza, hata kwa matawi ya miiba.

Kuhusu nyoka, hofu ya watu ina msingi, kwa kuwa nyasi ndefu huficha panya na nyoka hufuata panya. Mistari ianze hatua nne au tano kutoka ukutani, na mlango na njia ya choo viachwe peupe. Nafasi hiyo hiyo hukinga nyumba dhidi ya moto. Mbegu za ndata kivumbu kutoka Turkana zilifika Texas, Marekani, katika miaka ya 1940 kwa ajili ya malisho, na leo nyasi hiyo ni gugu la kuogopwa katika jangwa la Sonora, kwa kuwa ikikauka huwaka kwa nguvu. Isipandwe karibu na jiko la kuni.

Mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapoelekea kwisha, nyasi zote hukatwa zibaki sentimita 10 hadi 15. Zisichomwe. Kilichokatwa ni chakula cha ng’ombe au mbuzi wakati ambapo majani ni adimu, au hutandazwa chini ya miti kuhifadhi unyevu.

Mbegu huvunwa mapema zaidi, masuke yanapobadilika rangi na kuanza kupukutika yakiguswa. Mbegu mpya hazioti vizuri. Zinahitaji kupumzika miezi 6 au zaidi. Zikaushwe kivulini na kuwekwa katika gunia au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, mahali pakavu pasipofikiwa na panya, na mwezi wa kuvunwa uandikwe juu ya mfuko.