Bawa Lenye Kumbukumbu: Histeresisi katika Kuiga Urukaji wa Ndege

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba chuma hakifuati njia moja kinapotiwa usumaku na kinapoondolewa. Tabia hiyo James Alfred Ewing aliiita histeresisi katika karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma. Bawa la ndege nalo laweza kuwa na tabia hiyo, na kuisahau ndani ya kiigaji, yaani mashine ya kufunzia marubani bila ya kuruka, ni kumfunza rubani jambo lisilo la kweli.

Pembe iliyopo kati ya bawa na hewa inayolijia tutaiita pembe ya mkabala. Pembe hiyo ikiongezeka, kani inua nayo huongezeka, mpaka hewa ishindwe kuambatana na mgongo wa bawa. Hapo hewa hubanduka, huvurugika, na kani inua huporomoka. (Injini hazihusiki, zaweza kuwa zinanguruma kwa nguvu zote.) Tuchukue bawa la mfano ambalo hewa hubanduka kwenye nyuzi 16. Tukirudi hadi nyuzi 15, je, hewa itaambatana tena? La, kwa bawa hili itabidi tushuke hadi nyuzi 12. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni nilirudia kipimo cha namna hii mara tatu katika handaki la upepo, nikidhani mizani imeharibika. Mizani ilikuwa nzima.

Basi kwenye nyuzi 14 kuna majibu mawili. Tuite x sehemu ya mgongo wa bawa ambayo bado imeambatana na hewa: x = 1 ikiwa yote, x = 0 ikiwa hakuna. Kwa bawa jembamba, kizigeu cha kani inua hukadiriwa hivi:

K = 2πα [(1 + √x)/2]²

α ikiwa katika radiani. Nyuzi 14 ni radiani 0.244. Kwa x = 1 twapata K = 1.54; kwa x = 0 twapata 0.38, yaani robo tu. Kiigaji chenye jedwali moja la K dhidi ya α hakiwezi kujua lipi ni sahihi. Ndege yake hupona mara rubani anaposhusha pua kidogo, jambo ambalo ndege halisi huenda isilifanye.

Mwaka 1994 Goman na Khrabrov walichapisha njia nyepesi: kompyuta ihifadhi x, na kuibadilisha kwa mlinganyo

τ (dx/dt) = x₀ − x

ambapo x₀ ni thamani ambayo x ingeifikia bawa likitulia, na τ ni muda wa kuchelewa. (Mlinganyo wao kamili una muda wa pili, kwa sababu pembe inayopanda upesi huahirisha kubanduka.) Mwalimu aangalie hapa: mlinganyo huu peke yake huleta kitanzi pale tu pembe inapobadilika kwa haraka. Kwa bawa letu la mfano, x₀ yenyewe lazima iwe na mikondo miwili, wa kupandia na wa kushukia.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Atlantiki, watu 228 wakafa. Ilikuwa katika mporomoko hadi kugonga maji, pembe ya mkabala ikizidi nyuzi 35. Marubani wa wakati ule walizoezwa zaidi dalili za mwanzo za mporomoko, si mporomoko kamili. Mwaka 2016 Marekani ilibadili kanuni zake ili viigaji vionyeshe mporomoko kamili, na kuanzia 2019 marubani wa mashirika yake hufunzwa humo.

Zoezi: chukua τ = sekunde 0.5, x = 1, na x₀ = 0 ghafula. Kila sekunde 0.1 punguza x kwa moja ya tano yake. Baada ya hatua tano utapata 0.33. Tafuta K katika kila hatua, pembe ikiwa nyuzi 16, kisha uchore grafu.