Waashi Wasafirio

Mtu akishika barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro, kabla ya kumaliza kilomita 50 hufika Ilula, penye nyanya na vitunguu vingi. Wakati wa kiangazi ataona pia matanuri ya matofali yakitoa moshi kando ya vijiji. Huo ndio wakati wa waashi. Mvua zikikoma, mwashi hutia mfukoni mwiko, timazi, pima maji na kamba, akaaga nyumbani, akaenda kutafuta kazi.

Zamani Wahehe walijijengea wenyewe nyumba za tembe, za miti na udongo, zenye mapaa bapa yaliyofunikwa udongo. Lakini matofali ya kuchoma yataka fundi, kwani udongo haufanani. Ukiwa na mchanga mwingi, tofali humomonyoka. Ukinata mno, tofali hupasuka likikauka. Mwashi asiyepata kusafiri ajua udongo wa kwao tu.

Jambo hili nalilijua kwa hasara. Nilipojenga jiko langu, nalimchukua kijana jirani, kwa kuwa ujira wake ulikuwa mdogo. Akapanga tanuri kubwa, akatia kuni chache, matofali ya katikati yakabaki mabichi, naye akayajengea vivyo hivyo. Mwezi wa Februari ukuta mmoja ukaanguka. Bahati njema, watoto walikuwa shuleni.

Hata kiangazi akapita mwashi mgeni. Akaokota matofali mawili, akayagonganisha. Yakatoa sauti nzito kama ya gogo. “Mwalimu,” akasema, “tofali lililoiva hulia kama chuma.” Nikamwuliza alikojifunza. Akajibu, “Kwa kila fundi aliyenipa kazi.” Kisha akaangika timazi penye ukuta uliosalia, tukaona umeinama upana wa vidole viwili. Akaubomoa wote.

Huko Ujerumani desturi hii ina sheria. Fundi kijana aliyekwisha kufuzu husafiri miaka 3 na siku 1, wala haruhusiwi kukaribia kwao chini ya kilomita 50. (Mtoto wa Ilula angekatazwa hata mji wa Iringa!) Huvaa suruali pana, na vitu vyake huvifunga katika kitambaa. Zamani walikuwa wanaume tu. Siku hizi na wanawake wamo.

Mgeni wangu hakuwa na sheria hiyo. Alikaa majuma matatu, akajenga jiko upya, akimwonyesha yule kijana jirani jinsi ya kupanga tanuri. Siku ya kuondoka, kijana akambebea mfuko, wakashika njia pamoja.