Ethanoli ya Jiko Isitiwe Kwenye Subaru

Miaka ya 1980 Kenya iliuza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli kutoka Muhoroni, na magari ya kawaida yaliitumia. Anayetaka kuongeza zaidi ili gari lipate nguvu akumbuke hesabu hii: kilo moja ya petroli huungua kwa kilo 14.7 za hewa, ya ethanoli kwa 9 tu. Injini isiyorekebishwa haijui hilo. Hupima mafuta kama ya petroli, hivyo hubaki na upungufu, na Subaru yenye turbo ikipanda mlima kuelekea Keroka inaweza kuunguza pistoni. Tena ethanoli ya jiko huwa na maji. Ikichanganywa na petroli, maji hujitenga na kuzama chini ya tangi, pale pale pampu inapovuta.