Saumu na Mwenye Kisukari

Ndugu zetu, aliye Kanja, chini ya Mlima Kenya, na aliye Mombasa hufunga muda ulio karibu sawa: saa 13 na zaidi. Kwa muda huo mwili wa mtu mzima mwenye afya hutumia sukari iliyowekwa akiba katika ini, kisha huyeyusha mafuta. Wala hapati dhara.

Lakini atumiaye sindano za insulini, sukari yake yaweza kushuka hata akazimia. Uchunguzi wa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kuwa, kwa wenye kisukari cha aina ya pili, hatari hiyo huzidi mara 7 katika Ramadhani.

Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula. Basi twawausia: muulizeni tabibu kabla mwezi haujaandama, na sukari ikishuka, fungueni papo hapo. Kuikataa ruhusa ya Mola si uchaji.