SOMO: TUUTAWALE MCHEZO, USITUTAWALE
(Soma Waefeso 5:15-16)



Mchezo wa video si dhambi. Mtoto aliyemaliza masomo na kazi ya nyumbani acheze, apumzike. Lakini tumemwona kijana wetu akimalizia pesa ya shule katika nyumba ya michezo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilikubali kwamba kushindwa kuacha mchezo kunaweza kuwa ugonjwa. Dalili ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia yote, anaendelea hata akipata hasara.

Sisi tunashika Upendo, Amri na Kazi. Basi wazazi, tupange saa ya kuanza na ya kumaliza. Saa ya sala, sisi wakubwa tuzime kwanza telefone zetu.

Mungu awabariki.