Tui la Kwanza na Tui la Pili: Somo la Mapishi ya Nazi

Wengi wapikao kwa nazi hulalamika ya kuwa mchuzi wao hukatika. Mafuta huelea juu, maji hubaki chini, na katikati huonekana vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Mgeni amekwisha keti mkekani, nazi zimekwisha, na mama wa nyumba aona haya. Kosa si la nazi. Kosa ni kutojua ya kuwa nazi hutoa tui zaidi ya mara moja, na kila tui lina kazi yake na wakati wake. Hilo ndilo somo letu.

Tui ni nini? Tui si yale maji yaliyomo ndani ya nazi. Tui hukamuliwa katika nyama ya nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Ndani yake mna matone madogo mno ya mafuta yaliyotapakaa katika maji, na kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini uzuiao matone yasiungane. Moto mkali huugandisha utando huo, na mara mafuta hujitenga. Ndiyo sababu ya tui kukatika.

Namna ya kukamua. Kuna nazi mbili, utie kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, ufikiche vema, kisha uchuje kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui la kwanza, nalo ni zito, liweke kando. Katika machicha yale yale tia vikombe 4 vya maji, ukamue tena. Hilo ndilo tui la pili, jepesi. Watu wa bara wanunuao tui la kopo wataligeuza kuwa jepesi kwa kulizimua kwa maji.

Wali wa nazi. Chemsha vikombe 3 vya tui la pili pamoja na chumvi, huku ukikoroga. Tia vikombe 2 vya mchele uliooshwa. Tui likikaribia kukauka, mimina nusu kikombe cha tui la kwanza, geuza wali mara moja, funika, upunguze moto, na uweke makaa machache juu ya mfuniko.

Ndizi mbivu za nazi. Menya ndizi mbivu 4 za kupika, uzikate, uzichemshe katika kikombe 1 cha tui la pili kilichobaki, pamoja na sukari, iliki na chembe ya chumvi. Zikilainika, tia nusu kikombe cha tui la kwanza, utikise sufuria polepole, uipue kabla halijachemka kwa nguvu. Basi nazi mbili zimetoa chakula cha chumvi na kitamu pia.

Sheria hii si ya pwani yetu tu. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Kerala, hupikwa kitamu kiitwacho pradhaman, kwa sukari guru na tui la mikamuo mitatu. Hutangulia tui la tatu, hufuata la pili, na la kwanza hutiwa mwisho, nalo haliachwi kuchemka. Katika Ufilipino vyakula vya namna hii huitwa ginataan, jina litokalo katika neno gata, yaani tui. Samaki na mboga hupikwa hivyo kwa chumvi. Tena viazi vitamu, ndizi na vidonge vya unga wa mchele wenye kunata hupikwa hivyo kwa sukari.

Lakini wako waivunjao sheria hii kwa makusudi. Wenyeji wa Minangkabau, katika kisiwa cha Sumatra, hupika nyama iitwayo rendang. Huiacha katika tui na viungo kwa saa nyingi, hata maji yote yakauke, tui likatike, na nyama ikaangike katika mafuta yale yale. Nyama hiyo hukaa siku nyingi bila kuoza, nayo ilifaa sana kwa safari. Watu wa Thailand nao hukatisha tui zito kwanza, ndipo hukaanga viungo vya mchuzi ndani yake. Basi kukatika kwa tui ni kosa kwa asiyekusudia, na ni ufundi kwa aliyekusudia.

Onyo. Tui halilali. Katika joto huchacha upesi, kwa hiyo kamua lile utakalolipika siku hiyo. Machicha mabichi wapeni kuku siku ile ile, au myatupe katika shimo la mbolea. Huko Java watu walizoea kuchachusha machicha na kuyala, chakula kiitwacho tempe bongkrek. Kijidudu kimoja kiliingia humo na kutoa sumu isiyoondolewa kwa kupikwa, watu wengi wakafa, na mwaka 1988 serikali ya Indonesia ilikataza kukitengeneza.

Mwalimu atakayefundisha somo hili na aweke vikombe viwili mbele ya wanafunzi, kimoja cha tui la kwanza na kimoja cha tui la pili, kila mmoja aonje. Wataijua tofauti kwa ulimi kabla ya kuiandika daftarini, wala hawataisahau.